Dawa za Kusukutua Kinywa kwa Mwenye Ugonjwa Sugu wa Fizi: Chupa Nne Nilizozitumia

Katika famasi nyingi za Dar es Salaam, kuanzia zile za Kariakoo ambako wateja husimama wakibanana mlangoni hadi zile za Mlimani City na Masaki zenye viyoyozi, dawa za kusukutua kinywa hupangwa kwenye rafu moja, ya bluu kando ya ya kijani, ya kijani kando ya ya waridi, kana kwamba zote ni maji yaleyale yaliyotiwa rangi tofauti. Mimi nimetumia aina nne kwa muda wa miaka miwili na miezi kadhaa, na shida yangu haikuwa kutafuta mdomo unaonukia. Nina ugonjwa wa fizi wa muda mrefu, ule ambao madaktari wa kinywa na meno huuita periodontaitisi, na tathmini hii nimeiandika nikimfikiria mtu anayesimama mbele ya rafu hiyo baada ya kuona damu katika mate yake asubuhi, akiwa hajui amuulize nani wala aulize nini.

Ishara ya kwanza niliiona kwenye gunzi la mahindi ya kuchoma, kituoni Tabata Relini, nikiwa na umri wa miaka 49. Palikuwa na alama nyekundu pale nilipong'ata. Niliifuta kwa kidole nikaendelea kula, kwa kuwa fizi haziumi kama jino lililotoboka, na jambo lisilouma nyumbani kwetu husubiri nyuma ya ada ya shule na kodi ya nyumba. Kumbe kazi ilikuwa ikiendelea chini kwa chini. Ukoga, yaani ule utando laini wa bakteria unaoota juu ya meno kila siku, usipoondolewa huingiwa na madini ya mate ukawa mgumu, na huo mgumu ndio ugaga, ambao mswaki hauwezi kuubandua tena. Bakteria hujificha kati ya jino na ufizi, mwili hupigana nao, na katika mapigano hayo nyuzi zinazolishika jino pamoja na mfupa unaolizunguka huliwa kidogo kidogo, hata ufizi ukaachana na jino na kufanya mfuko. Kwa mtu mwenye fizi nzima nafasi hiyo huwa na kina cha milimita 1 hadi 3. Mifuko yangu, siku ilipopimwa kwa kile kijiti cha chuma chenye alama, ilifika milimita 6 nyuma ya magego mawili ya chini.

Niseme kwa kupita kwamba neno "sugu" limekwisha kuondolewa katika jina rasmi la ugonjwa huu: tangu mwaka 2018 wataalamu wa kimataifa huupanga kwa hatua 4 na madaraja 3, badala ya kuugawa kuwa wa muda mrefu na wa kasi kama ilivyokuwa zamani. Mimi niliambiwa niko hatua ya 3. Hata hivyo, maradhi yaliyomkalia mtu miaka yote hii yakimfuata hadi kwenye meza ya chakula, sioni jina jingine la kuyaita.

Kabla ya kupimwa huko nilikuwa nimepoteza miezi minane, na miezi hiyo ndiyo inayonifanya niandike kwa ukali kidogo. "Baba, fizi zinatoka damu au mdomo unanuka?" aliniuliza binti anayehudumia famasi ya mtaani kwetu. Nilimjibu kwamba yote mawili. Akanipa chupa ya bluu na kunielekeza nisukutue asubuhi na jioni. Kiambato chake kikuu kilikuwa setilpiridini kloraidi, ambacho kimo katika dawa nyingi za kusukutua za matumizi ya kila siku zinazouzwa hata kwenye maduka makubwa ya vyakula, kwa kawaida kwa kiwango cha asilimia 0.05 hadi 0.07. Harufu ilipungua ndani ya wiki moja. Damu nayo ilipungua, ingawa haikwisha. Nilijiona nimepona, nikawa nanunua chupa baada ya chupa kama mtu anayelipia king'amuzi, mpaka usiku mmoja, nikitafuna mshikaki, gego la chini upande wa kulia likacheza.

Chupa ile haikunidanganya, kwa sababu hakuna mahali ilipoandikwa kwamba inatibu mifuko ya fizi. Nilijidanganya mwenyewe kwa kuchukua kupungua kwa damu kuwa ndiko kupona. Nimekuja kuelewa baadaye kwamba ngozi ya juu ya ufizi inaweza kutulia kwa kiasi kikubwa huku chini, ambako maji ya kusukutulia hayafiki, ugaga ukiendelea kukaa na mfupa ukiendelea kupungua. Daktari aliyenipokea, katika kliniki moja ya Upanga, alilieleza jambo hili kwa sentensi moja ambayo sijaisahau: "Mzee wangu, ulikuwa unafagia baraza, na taka ziko kwenye mtaro uliofunikwa." Damu ndiyo shahidi pekee ambaye ugonjwa huu humtoa hadharani, nami kwa miezi minane nilikuwa nikimlipa anyamaze.

Kwa hiyo tathmini ya chupa yoyote ninayoitoa hapa ina sharti lake: kwanza ugaga utolewe, wa juu na wa chini ya ufizi. Mimi nilisafishwa kwa siku mbili tofauti, upande mmoja kila siku, kwa ganzi, mizizi ya meno ikikwanguliwa hadi ikawa laini. Baada ya hapo ndipo nilipoandikiwa dawa ya pili, na hii ndiyo inayostahili kuzungumzwa kwa kirefu.

Dawa hiyo ni klorheksidini. Ilitoka katika maabara za kampuni ya ICI ya Uingereza, na katika miaka ya 1950 ilijulikana kwanza kwa kuua vijidudu vya ngozi na vidonda. Mwaka 1970 Harald Löe na Rindom Schiøtt walionyesha huko Denmark kwamba watu walioacha kabisa kupiga mswaki, lakini wakasukutua mililita 10 za klorheksidini ya asilimia 0.2 mara mbili kwa siku, hawakuota ukoga na fizi zao hazikuvimba. Miaka mitano kabla ya hapo, Löe na wenzake walikuwa wameonyesha upande wa pili wa jambo hilohilo: watu 12 waliacha kusafisha meno, na fizi za wote zikavimba kati ya siku 10 na 21. Matokeo hayo ndiyo yaliyoifanya klorheksidini kuwa kipimo ambacho dawa nyingine za kusukutua hulinganishwa nacho hadi leo. Lakini msomaji aangalie vizuri: wale walikuwa watu wenye fizi nzima, wasio na mifuko. Mapitio ya mwaka 2017 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa wataalamu wanaopitia tafiti za afya, yaliyokusanya majaribio 51, yaliona kwamba mtu anayepiga mswaki na kuongeza klorheksidini kwa wiki 4 hadi 6, au kwa miezi 6, hupunguza ukoga kwa kiasi kikubwa, na wenye uvimbe mdogo wa fizi hupata nafuu. Kwa wenye uvimbe wa wastani au mkali, ushahidi haukutosha kutoa hukumu. Mwongozo wa shirikisho la wataalamu wa fizi la Ulaya wa mwaka 2020 nao umesema kwa tahadhari hiyohiyo: klorheksidini inaweza kufikiriwa, kwa muda mfupi, kama nyongeza ya kusafishwa na daktari.

Nguvu yake inatokana na kung'ang'ania. Dawa nyingine nyingi ukishazitema zimekwenda, lakini klorheksidini ina chaji chanya inayoifanya inate kwenye meno na kwenye ngozi laini ya kinywa, kama hina inavyonata kiganjani, kisha huachiliwa polepole kwa saa nyingi, hadi kufikia 12 hivi. Ndiyo maana mara mbili kwa siku inatosha. Ile ya asilimia 0.2 husukutuliwa mililita 10 kwa dakika moja. Ile ya asilimia 0.12 husukutuliwa mililita 15 kwa nusu dakika, na ukipiga hesabu utaona kwamba kiasi cha dawa kinachoingia kinywani kinakaribiana, miligramu 20 kwa 18. Kwa hiyo mtu asibishane na muuzaji juu ya namba hizo mbili. Anunue iliyopo na afuate kipimo chake. Dakika moja, nawaambia wasiowahi kuihesabu, ni ndefu mno mdomo ukiwa umejaa.

Wiki yangu ya kwanza niliiharibu. Nilikuwa nikipiga mswaki kwa dawa ya meno, nasuuza kidogo, kisha papo hapo nasukutua, kama nilivyozoea na chupa ya bluu. Dawa nyingi za meno huwa na kiambato cha kutoa povu ambacho chaji yake ni kinyume cha ile ya klorheksidini, na vitu hivyo viwili vikikutana hushikana na dawa huishiwa nguvu. Inabidi pawepo na nafasi ya angalau nusu saa kati ya mswaki na kusukutua, na wapo wataalamu wanaopendekeza hata saa mbili. Nilipoyajua hayo nilibadili ratiba: mswaki nikiamka, kusukutua baada ya kifungua kinywa nikiwa tayari nimevaa viatu, usiku mswaki baada ya chakula, kusukutua wakati wa kulala. Pia usisuuze kwa maji baada ya kutema, hata ladha ikikukera, kwa maana utakuwa unaiosha dawa uliyoinunua.

Na ladha itakukera. Uchungu wake hufichwa kwa mnanaa, ila hurudi baada ya dakika chache. Lililonisumbua zaidi ni kwamba kufikia siku ya nne au ya tano ulimi wangu ulikuwa umepoteza chumvi. Mchuzi wa samaki ulikuwa maji ya moto yenye rangi, na nilipoomba kopo la chumvi kwa mara ya tatu katika mlo mmoja mama watoto aliliondoa mezani, akasema, "Baba, mchuzi una chumvi, ulimi wako ndio hauna." Alikuwa amesema kweli kuliko alivyojua: kupotea kwa ladha, hasa ya chumvi, ni athari inayofahamika ya klorheksidini, na huisha siku chache baada ya kuacha dawa. Mwenye shinikizo la damu kama mimi aikumbuke habari hii asije akajiongezea chumvi bila kujijua. Yapo pia majaribio machache yanayogusa presha yenyewe. Katika mojawapo, lililochapishwa mwaka 2013, watu 19 wenye afya walisukutua klorheksidini kwa siku 7 na shinikizo lao likapanda kwa kati ya milimita 2 na 3.5 za zebaki, kwa sababu dawa huua pia bakteria wema wa ulimini wanaogeuza naitreti ya mboga kama mchicha kuwa kitu kinachosaidia mishipa kulegea. Ongezeko hilo ni dogo na watu ni wachache. Hata hivyo nilimwambia daktari wangu wa presha kwamba naitumia, naye akaandika kwenye kadi.

Kisha kuna madoa. Mwishoni mwa wiki ya pili niliona mistari ya kahawia kando ya fizi na ulimi wenye rangi ya chai, nikadhani meno yanaoza kwa kasi ambayo sijawahi kuisikia. Hayakuwa yanaoza. Klorheksidini iliyonata juu ya jino hushikana na rangi za vyakula na vinywaji, na mtu anayekunywa chai ya rangi asubuhi, kahawa chungu barazani jioni, na chai nyingine baada ya chakula cha usiku, ameandaa mwenyewe kiwanda cha madoa. Yalitolewa kliniki kwa kung'arishwa, na daktari alisema wagonjwa wengi huacha dawa katikati kwa hofu hiyo. Ugaga wa juu ya ufizi pia huweza kuongezeka kwa wanaoitumia muda mrefu. Jambo jingine dogo ambalo sikulikuta kwenye karatasi yoyote nililifahamu kwa hasara: taulo jeupe nililojifutia mdomo, lilipofuliwa kwa dawa ya klorini, lilitoka na mabaka ya kahawia ambayo hayajatoka mpaka leo, kwa kuwa klorini na klorheksidini zikikutana kwenye kitambaa hutengeneza rangi isiyofulika. Tumia taulo la rangi, au fua kwa sabuni tu.

Pamoja na hayo yote, kwa muda wa wiki mbili baada ya kusafishwa, wakati fizi zilikuwa mbichi na mswaki haukuvumilika vizuri, sikuona chupa nyingine ya kuilinganisha na hii. Fizi zilikaza, wekundu uliondoka, na mate ya asubuhi yalikuwa meupe kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Ndiyo pekee katika rafu ile ninayoweza kuiita dawa kwa maana kamili, na kwa sababu ni dawa, ina mwanzo na mwisho. Kuitumia miezi na miezi kama chupa ya bluu ni kununua madoa. Awamu ya pili niliitumia mwaka uliofuata, na iliangukia Ramadhani. Ratiba ilikubaliana nayo kuliko nilivyotarajia: mara moja baada ya daku, kabla ya alfajiri, na mara nyingine usiku. Mwanzoni niliiweka mara baada ya futari, lakini chai na kahawa hazikuwa mbali, kwa hiyo nikaisogeza hadi baada ya tarawehe, na madoa ya safari hiyo yalikuwa machache.

Chupa ya tatu ni ya jamii ya mafuta ya mimea: timoli, yukaliptoli, mentholi na methili salisileti. Chimbuko lake ni Listerine, iliyotengenezwa na Joseph Lawrence huko St. Louis, Marekani, mwaka 1879 na kupewa jina la Joseph Lister, daktari wa upasuaji wa Uingereza aliyewafundisha wenzake kuua vijidudu kabla ya kisu. Ilianza kama dawa ya chumba cha upasuaji, na ilichukua miongo kadhaa kabla ya kutangazwa kama dawa ya harufu ya mdomo. Leo zipo nyingi za kuiga mchanganyiko huo, na yangu ilikuwa mojawapo ya hizo. Husukutuliwa mililita 20 kwa nusu dakika, mara mbili kwa siku. Haibadilishi ladha ya chakula kwa namna ya klorheksidini, na majaribio ya miezi 6 yameonyesha kwamba hupunguza ukoga na uvimbe wa fizi kwa wanaoitumia pamoja na mswaki.

Tatizo ni kilevi. Mchanganyiko wa asili una alkoholi zaidi ya asilimia 20, inayosaidia kuyeyusha mafuta yale, na kinywa chenye fizi zilizochunika hukisikia kama pilipili mbuzi. Wapo Waislamu, nami ni mmoja wao, ambao hawana raha nacho hata kama kinatemwa. Mwenye kinywa kikavu kwa sababu ya umri au vidonge vya presha naye ana sababu zake za kukikwepa. Zipo sasa chupa za jamii hiyo zisizo na alkoholi, na msomaji asome lebo kabla ya kulipa, kwa kuwa chupa mbili zinaweza kufanana kila kitu isipokuwa neno hilo moja. Mimi nilihamia isiyo na alkoholi na ndiyo ninayoendelea nayo usiku. Siipi sifa kubwa. Inaniachia mdomo safi, haigombani na chakula, na inanikumbusha kwamba sijapitisha brashi kati ya meno.

Ya nne ni povidoni ayodini ya asilimia 1, ya kahawia, yenye ladha ya wodi ya hospitali. Niliitumia wiki moja tu, nikiwa pia na koo lililowaka. Inaua vijidudu vizuri, lakini si ya muda mrefu, na mjamzito au mwenye matatizo ya tezi ya shingo asiiguse bila kumuuliza daktari.

Wasomaji wengine watauliza habari ya maji ya chumvi, kwa maana ndiyo tuliyoambiwa na bibi zetu. Nusu kijiko cha chai cha chumvi katika kikombe cha maji ya vuguvugu hutuliza fizi baada ya kusafishwa na haimdhuru mtu. Niliyatumia mchana, kati ya vipindi vya klorheksidini, nikayapenda. Hayakai kinywani, kwa hiyo yasitegemewe kuzuia ukoga. Haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya kusafishia vidonda, watu huinunua wakaitia mdomoni kama ilivyo; angalau ichanganywe na maji kwa kiasi sawa, na isifanywe desturi. Ama mswaki wa mti, ule unaouzwa kwa mafungu nje ya misikiti ya Kariakoo siku za Ijumaa na ambao ndio uliotupatia jina la huu wa plastiki, unasafisha vizuri uso wa jino kwa anayejua kuutafuna na kuusugua kwa utulivu. Usichoweza ni kuingia kati ya magego, na huko ndiko ugonjwa wangu ulikoanzia.

Hapa ndipo ninapogombana na rafu nzima. Chupa moja ya klorheksidini iligharimu, kwa kadiri nilivyonunua mimi, takribani sawa na sahani tatu au nne za wali maharage kwa mama ntilie, na chupa za mafuta ya mimea huweza kupita mara mbili ya hapo katika maduka ya Masaki. Kwa fedha za miezi minane ya chupa za bluu ningelipia sehemu nzuri ya usafishaji wa kwanza, na ningebaki na za kununulia brashi ndogo za kati ya meno, zile zenye umbo la mti wa krismasi wa kidole kimoja. Brashi hizo ndizo zilizonisaidia kuliko chupa yoyote baada ya klorheksidini kuisha, kwa kuwa zinaingia pale ambapo maji hupita juu juu. Famasi za mtaani huwa hazina. Nilizipata katikati ya mji, baada ya kuulizia maduka matatu, zikiwa zimewekwa nyuma ya kaunta pamoja na vitu visivyonunuliwa. Daktari achague ukubwa, kwa sababu nyembamba mno haifanyi kazi na nene mno huumiza, na nafasi kati ya meno ya mbele na magego huwa hazilingani. Daktari huyohuyo alinituma pia nikapime sukari, kwa maelezo kwamba kisukari kisichodhibitiwa huuchochea ugonjwa wa fizi nao ugonjwa wa fizi huvuruga sukari, na aliniuliza kuhusu sigara, ambayo hubana mishipa ya fizi hata damu isionekane wakati mfupa unaliwa. Hakuna muuzaji wa famasi aliyewahi kuniuliza mojawapo ya maswali hayo.

Kwa anayekwenda kununua, jina la klorheksidini huandikwa kwenye chupa kwa Kiingereza, likianza na herufi "chl". Hakikisha chupa imeandikwa kuwa ni ya kusukutulia kinywa. Ipo klorheksidini ya kunawia mikono, na ipo ya kupaka kitovu cha mtoto mchanga, zote zikiwa na nguvu kubwa zaidi na hazikutengenezwa kwa ajili ya kinywa. Nimewahi kupewa ya ngozi kwa bahati mbaya, na ni kifuniko kisicho na kipimo ndicho kilichonishtua. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi, jina la mtengenezaji na kizibo kisichoguswa. Usikubali chupa iliyopangwa dirishani ikipigwa na jua la saa nane, kwani joto na mwanga haviifai. Ukiona midomo inavimba, upele au kifua kubana baada ya kusukutua, acha mara moja na uende hospitali, kwa sababu mzio wa klorheksidini ni nadra lakini unaweza kuwa mkali.

Mifuko yangu ilipopimwa tena miezi mitatu baada ya kusafishwa, ile ya milimita 6 ilikuwa imefika 4. Mfupa uliopotea haujarudi na sikuahidiwa kwamba utarudi. Gego lililokuwa likicheza bado lipo mahali pake na ninalitafunia, ingawa mshikaki naupeleka upande wa kushoto. Nasafishwa sasa kila baada ya miezi minne. Chupa ya klorheksidini ya safari ijayo iko kabatini na haijafunguliwa. Mama watoto ameiweka nyuma ya kopo la chumvi, na mpaka nirudi kliniki mwezi wa tisa hakuna sababu ya kuigusa.